Upande wa Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na kitu kinachoniudhi kuliko vyote ni tundu. Geti likiacha mwanya wa kidole, nalirudia. Dirisha likipitisha upepo, sina raha mpaka nimeliziba, hata kama ni dirisha la jirani na hakuna aliyeniita. Ukiishi Singida miezi ya Juni na Julai, ule upepo wa mashariki ukianza asubuhi na kukuacha jioni na vumbi kwenye meno, hutanicheka. Nimejenga nyumba na kulea watoto kwa kazi ya kuziba.

Kwa hiyo nilipojenga kitalu nyumba cha nyanya hapa Mungaa, nilikijenga kama tangi la maji. Vyuma nilivikata na kuvipinda mwenyewe. Juu nikatandika nailoni, pembeni nikaweka neti ya kuzuia wadudu, na juu ya neti mapazia ya nailoni, moja upande wa mashariki na jingine upande wa magharibi. Aliyeniuzia nailoni alinieleza vizuri kabisa kwamba mapazia ni ya kufungua na kufunga. Mimi nikasikia kufunga.

Mahali penyewe palikuwa bustani ya vitunguu ya mke wangu. Mimi kwetu ni upande wa Kinyangiri, ni Mnyiramba, lakini tunaishi hapa kwao, kwa Wanyaturu, kwenye shamba alilopewa na marehemu baba yake, karibu na kisima kifupi ambacho maji yake hufika mpaka Oktoba. Kwa miaka mingi alilima vitunguu pale na vikamkubali. Nilimbembeleza karibu miezi miwili. Mwishowe alikubali, kwa uso wa mtu anayemwazima sufuria yake nzuri jirani anayejulikana kwa kuunguza.

Na niliunguza. Msimu wa kwanza nyanya zilipanda vizuri mpaka zikanifika kifuani, nikaanza kupita mitaani nikiongea kama bwana shamba. Kisha baridi ikaingia. Nami, kwa huruma yangu, nikafunga mapazia yote mawili na mlango, nikakaza na waya. Asubuhi moja niliona mabaka kwenye majani, ya kijani kilichoiva kupita kiasi, kama jani lililomwagiwa maji ya moto. Siku ya tatu mabaka yalikuwa meusi na chini ya majani kulikuwa na unga mweupe. Wiki ya pili matunda yakawa na madoa magumu ya kahawia, na kitalu kizima kinanuka kama gunia la viazi vilivyosahauliwa. Hatukuvuna hata tenga moja. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya mistari nikalia, mtu mzima mwenye wajukuu.

Mke wangu hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Alisubiri nimalize kuchoma mabua, kisha akasema, "Baba watoto, nakupa msimu mmoja tena. Mmoja tu. Bakajani likirudi, unakata vyuma vyako unaondoka navyo, mimi narudisha vitunguu vyangu."

Nikakubali. Ningesemaje? Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimekipenda kile kitalu kuliko kitu chochote nilichowahi kukichomelea. Mageti yote niliyotengeneza yanafungia watu nje. Hiki kilikuwa na kitu hai ndani, kinakua, na asubuhi ukiingia kinakupokea kwa harufu ya majani ya nyanya inayokung'ang'ania mikononi mpaka mchana. Kukikata kingekuwa kama kumchinja mnyama uliyemzoea.

Nikamtafuta bibi shamba wa kata. Ni binti mdogo, wa umri wa mwanangu wa mwisho, na kila akifika anaanza na shikamoo kisha anakuvua nguo kwa maswali. "Shikamoo baba. Unamwagilia saa ngapi? Kwa nini jioni? Majani ya chini umeyaacha ya nini? Mabua ya mwaka jana ulichoma yote au mengine umeyatupa pale kwenye ua?" Niliyatupa pale kwenye ua. Akanieleza kwamba bakajani ni ukungu, na ukungu hautaki kingine zaidi ya jani lililolala na maji. Jani likikaa kavu, ukungu unatua na kuondoka na njaa yake. Akanipangia kazi: nyanya zipandwe kwa nafasi, maji yaende kwenye mizizi kwa mirija ya matone na yatolewe asubuhi, majani ya chini yanayogusa udongo yatolewe, machipukizi ya kwapani yavunjwe yakiwa machanga, mtu anawe mikono kabla ya kuingia, na dawa ya ukungu ipulizwe kabla ugonjwa haujaonekana, si baada.

"Na mapazia, baba," akamalizia. "Kila siku jua likishatoka, fungua. Hata kukiwa na baridi. Hewa ipite."

Nilimjibu, "Sawa, mwanangu," na nilikuwa namdanganya. Yale mengine yote niliyafanya, tena kwa bidii ya kuudhi. Niliweka beseni la maji na sabuni mlangoni. Nilipima nafasi kwa futikamba. Majani ya chini niliyatoa kwa mkasi niliouchovya kwenye maji ya moto. Lakini kuacha wazi kitu nilichokiziba kwa mikono yangu, upepo wa mashariki uingie na vumbi lake juu ya watoto wangu, hapana. Kazi ya kufanya naiweza, ila kazi ya kuacha imenishinda tangu ujana wangu, na mke wangu anaweza kutoa ushahidi.

Hapa lazima nimlete mama mkwe.

Nyumba yake iko ng'ambo ya njia, hatua mia moja kutoka kwetu. Ni mama mwembamba, mwenye mwendo wa haraka kuliko sisi sote, na mdomo ambao kwa bahati yangu unaongea Kinyaturu, kwa hiyo nusu yake hainifikii. Kwa wakwe zangu desturi bado ni kali. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali pamoja, na hawakai pamoja mahali palipofungwa. Tukikutana njiani, mmoja anaacha njia. Akitaka kuniambia jambo, anamwambia binti yake huku mimi nimesimama palepale nasikia, na binti yake ananigeuzia kwa Kiswahili. Miaka thelathini na kitu tumeheshimiana hivyo bila kugombana hata siku moja. Nawajua watu wanaokula meza moja na wakwe zao ambao hawawezi kusema hivyo.

Asubuhi nilikuwa namwagilia, nafunga kila kitu, napanda pikipiki naenda kwenye karakana yangu, narudi alasiri. Siku moja mwanzoni mwa Juni nilirudi nikakuta mlango wa kitalu wazi na pazia la mashariki limekunjwa mpaka juu, limefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Upepo unaingia unavyotaka. Neti imejaa vumbi.

Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Mke wangu akatoka jikoni akifuta mikono.

"Ni mama," alisema. "Alikuja kuchuma mlenda."

Ilikuwa kweli, mlenda ulikuwa umeota wenyewe katikati ya mistari ya nyanya, kwa sababu ya maji ya mirija. Nje, mwezi huo, huwezi kupata mlenda mbichi hata kwa dawa. Watu wanakula ule wa kukausha. Mama mkwe aliuona kupitia kwenye neti, na kwa mama wa Kinyaturu mlenda mbichi mwezi wa Juni si wa kupita hivi hivi.

"Achume," nikasema. "Lakini akitoka afunge. Mwambie."

Mke wangu akaenda, akarudi. "Anasema amesikia."

Kesho yake nikakuta wazi. Keshokutwa pia. Nikafunga, akafungua. Nikatengeneza komeo zuri la chuma kwenye lile pazia, na jioni nikalikuta limefunguliwa na kuwekwa vizuri juu ya ndoo ili lisipotee. Mkwe ungemfanya nini? Angekuwa mtu mwingine ningemfuata. Nikabaki kumtuma mke wangu, naye anarudi na jibu lilelile, kwamba mama amesikia. Pazia la magharibi hakuligusa. Lile nilikuwa nimelikaza kwa waya juu na chini, na hata mimi ningehitaji plaizi.

Sababu niliijua siku niliyorudi mapema. Umeme ulikatika karakana, nikafika nyumbani kabla ya saa nne. Kutoka getini niliona kitu kinasogea ndani ya nailoni. Nikakohoa kwa nguvu, kama mkwe anavyopaswa kukohoa. Mama mkwe hakutoka mlangoni, kwa sababu mlango unatazama getini na mimi ndiye niliyekuwa hapo. Aliinua pindo la neti chini ya pazia alilolikunja, akapita upande wa mashariki ameshika furushi la mlenda kifuani, akaondoka kupitia kwenye alizeti kama mtu anayetoka sokoni. Mimi nikageuza uso nikaangalia pikipiki yangu kana kwamba sijawahi kuiona.

Baadaye mke wangu alinieleza, akicheka mpaka akakaa chini. "Unataka mama ajifungie ndani ya nyumba ya mkwe wake? Ukirudi ghafla apite wapi? Na watu wanaopita njiani wakiona kivuli chake ndani ya nailoni, kimefungwa kila upande, waseme nini?" Kumbe mama mkwe hakuwa anafikiria nyanya hata kidogo. Alikuwa anafungua ili kila mpita njia aone wazi kwamba humo ndani yuko peke yake, na ili awe na pa kutokea.

Nikachoka kupigana. Nikaamua upande wa mashariki umenishinda, nitaokoa wa magharibi. Nikaongeza waya.

Baridi ya Julai ilipofika katikati, niliingia asubuhi moja kumwagilia, nikaona jani. Moja tu, mstari wa mwisho wa magharibi. Baka la kijani kilichoiva, pembeni mwa jani, lina ukubwa wa kifungo cha shati. Niligeuza jani. Unga mweupe. Nikatafuta jingine nikitumaini nisilione, nikaliona, kisha la tatu. Siku hiyo sikwenda karakana, nikampigia simu bibi shamba. Sikumwambia mke wangu kitu, na nilipopita jikoni nilimsalimia kwa sauti ya furaha mno hata akaniuliza kama nimepata homa.

Bibi shamba alifika mchana akiwa na buti mkononi, akavaa mlangoni, akanawa kwenye beseni langu na kulisifia. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Hakwenda kwenye majani. Alienda kwenye pazia la magharibi, akapitisha kiganja upande wa ndani wa nailoni, akanionyesha. Kiganja kilikuwa kinachuruzika maji, na ilikuwa saa sita mchana. Juu ya mstari ule, kwenye mkunjo wa nailoni, matone yalikuwa yamepangana, na alipogonga chuma kwa kidole yakadondoka yote juu ya majani. Akavuka mpaka mashariki, akapitisha kiganja cha pili. Kikavu. Akakagua mistari mitatu ya upande huo, mche kwa mche, jani kwa jani, na mimi nyuma yake. Hakukuwa na baka hata moja.

"Huku anafungua nani, baba?"

Mke wangu, ambaye kumbe alikuwa amesimama mlangoni muda wote, akajibu, "Mama yangu."

"Basi huyo mama ndiye mkulima humu," akasema bibi shamba. "Wewe baba umewafungia hawa wengine ndani na ugonjwa wao."

Nimewahi kuaibishwa, lakini si kwa heshima namna ile. Miaka yangu yote ya kuziba, na aliyeziokoa nyanya zangu ni mtu aliyekuwa anatafuta pa kutokea asinione. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nikacheka, na mke wangu akacheka, na bibi shamba, ambaye hakujua kinachochekwa, akacheka kwa adabu.

Nikachukua plaizi nikakata waya zangu mwenyewe, moja moja, na kila uliokatika ulilia kidogo. Tuling'oa miche saba ya mstari wa mwisho. Bibi shamba hakuruhusu tuiburute. Tuliitia kwenye mifuko hapohapo iliposimama, tukaenda kuifukia mbali, ng'ambo ya korongo. Tukapuliza dawa kwenye iliyobaki, juu ya jani na chini ya jani, tukaanzia mashariki kwenye uzima na kumalizia magharibi. Kisha tukanawa, tukafua nguo zilezile tulizovaa. Na tangu siku hiyo, jua likishatoka tu, mapazia yote mawili yakawa yanapanda.

Zilifuata wiki tatu ambazo sizitamani tena. Kila asubuhi nilikuwa nageuza majani mpaka vidole vikawa vya njano. Upepo uliingia na vumbi lake, na mimi nasimama naangalia linatua juu ya majani yangu, mikono nyuma, najizuia. Mke wangu alinikuta hivyo siku moja akasema nimekaa kama mtu aliyemsindikiza mtoto bweni. Alikuwa na haki ya kuhesabu yale mabaka matatu kama bakajani limerudi, na makubaliano ni makubaliano. Sikuthubutu kumuuliza. Alichofanya yeye ni kwamba alianza kuingia kila asubuhi, akiwa amenawa, akaanza kugeuza majani ya mistari ya mashariki wakati mimi nageuza ya magharibi, na hakuna aliyetaja vitunguu.

Mama mkwe aliendelea kuja kuchuma mlenda. Sasa nilikuwa nahakikisha natoka mapema, na namwachia njia zote tatu: mlango, mashariki, magharibi. Akiwa anachuma alikuwa anapunguza ule msongamano wa chini kwenye mashina, na bibi shamba akasema hilo nalo limesaidia hewa. Sikumwambia kwamba hilo nalo halikuwa kwa ajili ya nyanya.

Majani mapya yakatoka safi. Mwezi wa Agosti tulivuna tenga la kwanza, nyanya ngumu, zinazong'aa, nyekundu mpaka kwenye kikonyo. Tenga lile halikwenda sokoni. Mke wangu alilibeba mwenyewe kichwani kwenda ng'ambo ya njia, na aliporudi alinipita akaenda stoo, akachukua mbegu zake za vitunguu zilizokuwa zinangoja kwenye kopo, akampa dada yake.

"Basi kinabaki?" nikauliza.

"Kinabaki. Lakini mapazia si yako tena."

Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilizunguka kitalu mara mbili nikigusa vyuma. Na katika furaha hiyo nikapata wazo, na nililiona zuri sana. Kwa wakwe zangu ile miiko inaweza kulegezwa. Mkwe akishakaa muda mrefu na kuonyesha heshima, anaweza kupeleka mbuzi na blanketi, wazee wakakaa, na kuanzia hapo yeye na mama mkwe wanasalimiana na kukaa pamoja kama watu wengine. Nikafikiri mama huyu aliyeniokolea kitalu hapaswi tena kupita chini ya neti kama kuku. Tungefanya kazi pamoja humo ndani, yeye na mlenda wake, mimi na machipukizi yangu. Nikachagua mbuzi, beberu mweupe mwenye shingo nyeusi. Nikanunua blanketi zito. Nikamtuma mke wangu aulize kwanza kama atapokea.

Alikaa huko muda mrefu. Kutoka kwetu nilisikia Kinyaturu kikipanda na kushuka, kisha kicheko cha mama mkwe, ambacho kwa miaka thelathini nilikuwa nimekisikia kwa mbali tu. Mke wangu akarudi akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Blanketi anachukua," akasema. "Anashukuru sana, anasema umemheshimu. Mbuzi hataki, miiko ibaki."

"Kwa nini? Nimekosea?"

"Hujakosea." Akajiweka sawa, akanigeuzia maneno ya mama yake taratibu, kama anavyofanya siku zote, ili nisikose hata moja. "Anasema, 'Mwambie mkwe wangu nampenda, lakini namjua. Siku tutakayoweza kukaa naye humo ndani bila kuoneana haya, atafunga kila kitu.'"